Viwanda vilivyolala karibu na katikati ya Mtwara: kuvifufua, kujenga nyumba, kulifungua eneo kwa umma au kuyapa majengo kazi mpya?

Mji wa Mtwara ulichorwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mzigo. Bandari yenye kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa ili kusafirisha karanga za mpango mkubwa wa Waingereza, mpango ambao ulifutwa mwaka 1951 kabla karanga zenyewe hazijaonekana kwa wingi, na reli nayo iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilibaki bandari, zikabaki barabara pana kuliko magari yake na viwanja vikubwa vya maghala. Kisha vikaja viwanda vya kubangua korosho, vilivyojengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika miji mbalimbali ya kusini. Wakati vingi vinakamilika, zao lilikuwa limekwisha kuporomoka kutoka takriban tani 145,000 katika msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Kuna mitambo iliyozeeka bila kuchoka, kwa sababu haikupata korosho za kubangua.

Leo korosho zimerudi, tena kwa wingi kuliko wakati wowote. Msimu wa 2017/18 ulivuka tani 300,000. Hata hivyo, majengo mengi ya zamani hutumika kama maghala kwa miezi michache ya mwaka na kwa miezi mingine hufungwa kwa kufuli. Makala haya yanamlenga mtu au chombo chenye eneo la namna hiyo mikononi, kiwe chama cha ushirika, kampuni iliyonunua kiwanda wakati wa ubinafsishaji, halmashauri, au hata wakazi wa jirani watakaoitwa kutoa maoni. Njia zinazojadiliwa ni nne, na zote zimepimwa kwa vigezo vilevile.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni hati. Hati miliki hutolewa kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, na huandikwa matumizi yanayoruhusiwa. Kwa hiyo kabla ya kumwita msanifu ni lazima ijulikane hati ina jina la nani, imebakiza miaka mingapi na imeandikwa matumizi gani. Kubadilisha matumizi kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Aidha, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu miliki kubatilishwa pale mwenye nayo anapovunja masharti ya uendelezaji au kulitelekeza eneo. Kiwanda kilichobinafsishwa kina jambo moja zaidi, nalo ni mkataba wa mauzo, ambao mara nyingi ulimtaka mnunuzi aendelee kuzalisha. Serikali imewahi kuvirejesha mikononi mwake viwanda vya aina hiyo ambavyo havikufufuliwa.

Kigezo cha pili, ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote, ni hali ya udongo na majengo. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi. Ndiyo maana wanawake wanaobangua majumbani hujipaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kukaa kazini. Katika kiwanda kilichokaanga korosho kwa kuzichovya ndani ya mafuta hayo yakiwa moto, utayakuta yameganda kama lami kwenye sakafu, chini ya mitambo, ndani ya mifereji na mahali maganda yalipokuwa yakirundikwa. Jirani na chumba cha jenereta kuna dizeli iliyomwagika, na kwenye transfoma za zamani huenda kuna mafuta yenye sumu. Paa, kama ni la mabati ya saruji yenye asbestosi, halina madhara makubwa likiwa zima, lakini likivunjwa kwa nyundo hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana ambazo huingia mapafuni na kusababisha maradhi baada ya miaka mingi. Udongo wa mwambao ni wa kichanga, kwa hiyo kilichomwagika juu hakikawii kushuka kuelekea kwenye maji ya visima vifupi. Sampuli za udongo na maji zinaweza kupelekwa kwenye Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kusini hapahapa Mtwara, na gharama ya kupima ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kubomoa ukuta uliokwisha kujengwa.

Vigezo vitatu vilivyobaki vinaeleweka kwa urahisi zaidi: fedha na muda, yaani mtaji unatoka wapi na utarudi baada ya miaka mingapi, kazi na mapato, hasa iwapo yanapatikana mwaka mzima au msimu mmoja tu, na majirani, yaani malori, vumbi, harufu, maji ya mvua na maji taka.

Njia ya kwanza: kurudisha uzalishaji na ghala

Kwa upande wa hati, hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote, kwa sababu matumizi hayabadiliki na mkataba wa ubinafsishaji, kama upo, unatimizwa badala ya kuvunjwa. Taratibu za Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira zinabaki palepale, lakini mwombaji haanzi na mgogoro. Kwa udongo pia mzigo ni mdogo kiasi: sakafu nzito ya zege ikiachwa ilivyo huwa kifuniko, ingawa paa la asbestosi linapaswa kuondolewa kwa utaratibu, likiwa limeloweshwa na kufungwa ndani ya nailoni, kwa sababu wafanyakazi nao wana mapafu.

Ugumu uko kwenye fedha, tena si kwenye bei ya mashine kama wengi wanavyodhani. Korosho ghafi huuzwa kwa minada ya stakabadhi ghalani, yaani mkulima huweka mazao ghalani, hupewa stakabadhi na mazao huuzwa kwa mnada, mfumo ulioanza Mtwara mwaka 2007, na minada hiyo hukolea kati ya Oktoba na Desemba. Mbanguaji anayetaka kuwapa watu kazi mwaka mzima analazimika kununua ndani ya wiki chache malighafi ya miezi 12, kuihifadhi ikiwa kavu na kulipa riba ya mkopo huku akibangua polepole. Mnunuzi wa kusafirisha korosho ghafi kwenda India au Vietnam hununua, hupakia melini na fedha zake hurudi mapema. Wawili hawa wanapokutana kwenye mnada mmoja, mwenye fedha zinazozunguka haraka ndiye anayeweza kupandisha bei. Hesabu ya kufufua kiwanda isiyokuwa na mstari wa mtaji wa kununulia malighafi si hesabu.

Ghala peke yake lina hesabu rahisi zaidi. Ufuta hufika katikati ya mwaka, mbaazi hufuata na korosho hufunga mwaka, kwa hiyo mwenye ghala zuri anaweza kupata wateja kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Kazi zake lakini ni chache: vibarua wa kupakia na kupakua, mpima uzito, mlinzi na karani. Ubanguaji huajiri watu wengi zaidi, wengi wao wanawake.

Majirani ndio watakaouliza maswali magumu. Moshi wa kukaangia korosho unawasha, na malori ya msimu hupanga foleni barabarani yakisubiri zamu ya kushusha mzigo. Tangu makaa ya mawe ya Ruvuma yalipoanza kupitia Bandari ya Mtwara, wakazi wameonja pia maana ya kuishi jirani na mzigo wenye vumbi. Hali hiyo inaweza kubadilika: Serikali imekwisha kuelekeza mzigo mchafu, makaa ya mawe na saruji vikiwemo, kwenye bandari mpya ya Kisiwa-Mgao, na kongani ya viwanda vya korosho, yaani eneo moja la kuvikusanya pamoja, imepangwa Maranje, nje ya mji. Mipango hiyo miwili ikikamilika, eneo lililo karibu na katikati ya mji litakosa sababu ya kuwa na kiwanda kizito, ingawa litaendelea kufaa kwa kazi nyepesi kama kupanga madaraja, kufungasha na kuhifadhi bidhaa zinazosubiri meli.

Njia hii inawafaa vyama vya ushirika na kampuni zenye hati ya viwanda, majengo yasiyovuja na benki inayoelewa msimu.

Njia ya pili: nyumba za kuishi na maduka

Hapa hati ndiyo mlima wa kwanza. Matumizi yabadilishwe, mchoro mpya upitishwe na, kama majengo ni ya ghorofa yatakayouzwa kwa vipande, ufuatwe utaratibu wa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008. Kampuni iliyonunua kiwanda kwa ahadi ya kuzalisha itaulizwa kwa nini sasa inataka kuuza vyumba, na swali hilo ni la haki.

Udongo unadai usafi wa kiwango cha juu kuliko katika njia nyingine zote. Mfanyakazi wa ghala hukanyaga zege kwa saa nane na kurudi kwake. Mtoto wa nyumba za kupanga huchimba mchanga kwa mikono, mama yake hupanda mchicha nyuma ya jiko, na maji yanapokatika mtu hufikiria kisima. Udongo uliolowa mafuta ya maganda au dizeli utalazimika kuchimbwa na kuondolewa, na mahali pa kuutupa lazima pawe pamekubaliwa, kwani kuumwaga kwenye shimo la mchanga la kijiji cha jirani ni kuhamisha tatizo tu.

Kuhusu fedha, watu wa Mtwara wana kumbukumbu inayopaswa kuheshimiwa. Miaka ya mwanzo ya 2010, gesi ilipokuwa gumzo, bei za viwanja zilipanda na nyumba za wageni zikajengwa kwa matarajio ya wageni wengi. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015, lakini mradi mkubwa wa kusindika gesi kimiminika mkoani Lindi ukaendelea kusubiriwa, na vyumba vingi vikasubiri pamoja nao. Mahitaji ya kweli yapo, ila yana sura nyingine: wauguzi na madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, wanafunzi wa vyuo, watumishi wanaohamishiwa mkoani. Hawa hutafuta chumba na sebule, au hosteli, kwa kodi ya kulipika. Ghorofa la kuuza lina mshindani mkubwa, nalo ni kiwanja cha pembezoni ambacho mtu hununua, hujenga chumba kimoja, huhamia na kuendelea kujenga kadiri anavyopata. Kuwa na kiwanda cha saruji cha Dangote nje kidogo ya mji ni nafuu, lakini haimalizi hesabu, maana vifaa vingi vya umaliziaji husafiri zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam.

Kazi hupatikana nyingi wakati wa ujenzi na chache baadaye, isipokuwa kwenye fremu za chini. Mapato ya kodi ya pango, kwa upande mwingine, huja kila mwezi bila kusubiri mnada, na hilo ndilo linalowavutia wawekezaji waliochoka na msimu. London ilipoendeleza upya ukanda wa bandari zake za zamani kupitia shirika maalumu lililoundwa mwaka 1981, ofisi na nyumba za thamani zilisimama, lakini wakazi wa siku nyingi walilalamika kwamba hawakuweza kuzimudu nyumba hizo wala hawakupata kazi walizozitarajia. Mtwara ni mji mdogo mno kulinganishwa nao kwa ukubwa. Malalamiko ya namna ile, hata hivyo, hayahitaji mji mkubwa.

Majirani watashukuru kwa kuondoka kwa malori. Waulize tu maji taka yataelekea wapi, kwa kuwa nyumba nyingi za mji hutumia mashimo, na shimo lililotosha familia moja halitatosha ghorofa nne. Maji ya mvua nayo yatakimbia kwa kasi zaidi kwenye eneo lililosakafiwa.

Njia hii inamfaa mwenye mtaji wa kusubiri miaka kadhaa, eneo lililopimwa udongo na kuonekana safi au linalosafishika, na soko la wapangaji analolijua kwa hesabu na si kwa tetesi za gesi.

Njia ya tatu: kulifungua kwa umma

Soko, stendi ndogo, uwanja wa michezo, bustani ya ufukweni: haya ndiyo yanayotajwa zaidi kwenye mikutano ya mitaa, na mara nyingi hutajwa bila bei. Hati inapaswa kuwa ya halmashauri au taasisi nyingine ya umma. Kama ni ya mtu binafsi, kuna utwaaji na fidia, na fidia inayocheleweshwa huzalisha kesi badala ya bustani. Eneo likiwa ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa maji, kwa hiyo sehemu ya kiwanja ambayo mjenzi wa nyumba angeiona hasara, hapa inakuwa faida.

Udongo una unafuu wake, kwani unaweza kufunikwa badala ya kuchimbwa wote. Huko Duisburg, Ujerumani, kiwanda cha chuma kilichofungwa mwaka 1985 kiligeuzwa kuwa bustani iliyofunguliwa mwaka 1994. Mitambo iliachwa imesimama, sehemu chafu zaidi zikazuiwa na nyingine zikaachiwa mimea na watembeaji. Somo la kuchukua ni mpangilio wa hatua, maana fedha zile hatuna.

Na fedha ndizo zinazokwamisha. Halmashauri za kusini hutegemea sana ushuru wa mazao, hivyo bajeti hupanda na kushuka na korosho. Hatifungani, yaani mkopo unaokusanywa kwa kuwauzia wawekezaji hati za deni, ni mlango mpya: mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 50 kwa hatifungani ya kijani. Lakini Tanga ina wateja wanaolipa ankara za maji, ilhali bustani haina ankara. Soko linaweza kulipa deni iwapo wafanyabiashara watakubali kuingia, na hapo ndipo pa kuwa makini. Jengo la Machinga Complex kule Ilala lilikaa miaka mingi likiwa na vizimba vitupu, kwa sababu wateja hawakupita pale. Mama lishe na muuza samaki wanajua watu hupita wapi kuliko mchoraji yeyote. Waulizwe kabla ya msingi kuchimbwa.

Njia hii inaifaa halmashauri yenye hati safi, na eneo ambalo watu tayari wanalikatiza kila siku kwa miguu.

Njia ya nne: majengo yaleyale, kazi mpya

Mfano uko kilomita chache tu. Boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, lilikuwa linaelekea kuwa gofu hadi lilipokarabatiwa na kufanywa hoteli, na mafundi wa hapo walipata kazi na ujuzi. Kiwanda cha miaka ya 1970 hakina uzuri wa boma, lakini kina kitu kingine: ukumbi mrefu usio na nguzo nyingi, unaoweza kuwa karakana za mafunzo, hosteli, chumba cha ubaridi cha samaki au ofisi ndogo za kupangisha.

Kibali cha kubadilisha matumizi bado kinahitajika, ingawa kinaweza kuombwa kwa sehemu. Usafi wa udongo unategemea kazi mpya, kwa kuwa karakana haidai kile kinachodaiwa na hosteli. Mtihani mkubwa ni jengo lenyewe: hewa ya chumvi hula nondo ndani ya zege, na nguzo inayoonekana nzima huweza kuwa imepasuka kwa ndani, kwa hiyo mhandisi aitangulie rangi. Faida ni kwamba unaweza kuanza na banda moja, ukalipangisha na kwa kodi yake ukaezeka la pili. Kazi huwa za kudumu lakini ni za watu wachache wenye ujuzi, na majirani kwa kawaida hawana la kulalamikia.

Njia hii inamfaa mwenye majengo imara na fedha kidogo, na asiyekuwa na haraka.

Kuchagua kwa hali uliyonayo

Kama hati imebakiza miaka michache au ina mgogoro, usichague njia yoyote kwanza. Kodisha ghala kwa mikataba ya msimu, lipa kodi ya ardhi, na tumia mapato hayo kumaliza suala la hati. Mwekezaji wa njia ya pili hatakuja bila hiyo, na benki haitamsikiliza.

Chama cha ushirika chenye ghala zima na wanachama wanaohitaji mahali pa kukusanyia mazao kina sababu kubwa ya kubaki kwenye njia ya kwanza, walau hadi kongani ya Maranje na bandari ya Kisiwa-Mgao vianze kufanya kazi na ionekane mzigo umehamia wapi. Kubomoa ghala kabla ya hapo ni kukata tawi ulilokalia. Kama kuna banda moja lisilotumika, hilo linaweza kujaribiwa kwa njia ya nne bila kugusa mengine.

Kampuni yenye eneo lililogeuka pori, majengo yaliyoporomoka na mkataba wa zamani wa kuzalisha ianze kwa Msajili wa Hazina, anayefuatilia viwanda vilivyobinafsishwa kwa niaba ya Serikali, si kwa mkandarasi. Ikiruhusiwa, na vipimo vya udongo vikiwa vizuri, nyumba za kupanga kwa watumishi na wanafunzi zina hesabu inayoeleweka kuliko ghorofa za kuuza. Vipimo vikiwa vibaya kwenye sehemu moja, sehemu hiyo isakafiwe na ibaki maegesho au ghala, na makazi yaende upande mwingine.

Halmashauri iliyo na kiwanja chake yenyewe ufukweni haina sababu ya kukiuza chote. Ule ukanda wa mita 60 ufunguliwe kwa umma mapema, kwa gharama ndogo ya kusafisha, taa na njia ya miguu, kisha sehemu ya nyuma ipangishwe kwa muda mrefu ili ilipie matunzo.

Wakazi wa jirani, ambao hawana hati wala mtaji, wana nguvu katika hatua moja: pale tangazo la kubadilisha matumizi linapobandikwa. Wakati huo waombe kuona vitu vitatu, ambavyo ni majibu ya vipimo vya udongo, mchoro wa mifereji na maji taka, na mpango wa kuondoa asbestosi kama ipo. Kimojawapo kikikosekana, wapeleke pingamizi lao kwa maandishi kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa diwani wao, kabla kamati ya mipango miji haijakaa.